Kitanda Kilichopigwa Randa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya akiba, maana ukifika katikati ya barua hii huenda usitake tena kuniitikia. Hujambo lakini? Bibi naye hajambo? Nyonga yake imetulia? Dada alipopata salamu zako alisema bibi sasa anasimama kwa kushika ukuta, na kwamba tayari ameanza kukukosoa namna unavyofagia. Basi huyo amepona. Mgonjwa anayeona vumbi si mgonjwa tena. Mwambie mjukuu wake aliye mzuri kuliko wote bado ni mzuri, hajaharibika popote.

Huku kwetu hatujambo. Dada ni mzima, ananuna asubuhi na kucheka jioni kama ulivyomwacha. Mjukuu wako ameng'oka jino la mbele na anamwonyesha pengo kila mpita njia, awe ameomba au hakuomba. Mimi ndiyo usiniulize. Nimekuwa mtu maarufu, Mama. Nikipita mtaani watu wananinyooshea vidole. Wengine ni kwa kunisifu na wengine si kwa kunisifu, lakini kidole ni kidole. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Dada alitaka kunisaidia nikamkatalia. Ukiona mahali herufi zimepinda, laumu kalamu. Shule sikuimaliza, lakini nayo haikunimaliza.

Sasa kaa vizuri nikueleze tangu mwanzo, kwa sababu najua kuna watu watakaokuletea habari hii ikiwa imekatwa kichwa na miguu, na mimi nataka uipate nzima, inatembea.

Unakijua kile kiwanja kitupu nyuma ya shule, kile unachokatiza ukitoka kufua mashuka ya hospitali. Mwaka jana halmashauri iliposema inataka kukijenga, ulikuwepo, uliona yaliyotokea. Wazazi wakataka madarasa, maana watoto wanasoma kwa zamu na darasa la mjukuu wako limo ndani ya stoo, pamoja na majembe na mipira iliyokwisha upepo. Wapangaji nao wakataka nyumba za bei nafuu, hizo ulizojiandikisha tangu mimi bado navaa kaptula. Wakagombana mpaka fungu la kujengea likarudi lilikotoka, na kiwanja kikabaki cha mbuzi. Hata chumbani kwetu unakumbuka: dada upande wa madarasa, wewe upande wa nyumba, chumba kimoja, pazia moja, vyama viwili, na mimi katikati kama msimamizi wa uchaguzi.

Mwaka huu halmashauri ikaja na akili mpya. Ikasema vyote viwili vitaingia. Mchora ramani wao, dada mmoja mwembamba anayechomeka penseli kwenye nywele halafu anaitafuta mezani, aliagizwa akae na kiwanja kile mpaka kikubali. Akakaa nacho, kikakubali. Madarasa ya ghorofa upande wa barabara, nyumba upande wa nyuma zimebanana safu safu, kila moja na chumba chake, jiko lake na choo chake. Wazazi wakafurahi, wapangaji wakafurahi, na madiwani wakafurahi kuliko wote maana hakubaki mtu wa kuwazomea.

Shida ikawa ramani yenyewe. Aliitundika ukutani pale ukumbini, watu wakaja kuitazama kama mtu anavyotazama picha ya mifupa yake hospitali: anatikisa kichwa kwa heshima, haelewi kitu. Mzee mmoja aliuliza kwa nini nyumba zote zimelala chali. Mwingine aliona ngazi za shule akadhani ni reli, akasema yeye hataki garimoshi lipite nyuma ya dirisha lake. Ndipo diwani wetu, yule mrefu mwenye sauti ya kuamsha mawe, akaamuru watengenezewe kitu cha kushikika: shule ya mbao na nyumba za mbao, ndogo, zipangwe juu ya ubao kama kiwanja kitakavyokuwa, wananchi waje waone kwa macho kabla madiwani hawajainua mikono.

Kazi hiyo ikaletwa kwetu, karakana ya useremala. Fundi Kobe, unavyomjua, alisikiliza, akavuta pumzi, akanywa maji, ndipo akasema karibu. Kisha akatazama vidole vyake, ambavyo ni kama mihogo, akatazama vyangu, akasema kazi ya vitu vidogo apewe mtu mwenye vidole vya mwizi. Sikukasirika. Kipaji kikisifiwa vibaya bado kimesifiwa.

Mama, nilichonga! Dada wa ramani alinieleza kanuni: hatua moja ya mtu kiwanjani iwe upana wa kidole kimoja kwenye ubao. Nikamwambia hiyo tu? Nikaanza. Shule nikaitia ngazi unazoweza kuzihesabu, madawati ndani, hata ubao wa kuandikia nikaupaka masizi. Nyumba nikazipa mapaa yanayofunguka kama mfuniko wa sufuria, ili mtu achungulie. Hayo niliambiwa. Lakini unanijua, nikiambiwa fanya moja moyo unaniwasha mpaka nifanye na la pili. Nikajiuliza, mtu akifungua paa akakuta utupu, atapenda nini? Nyumba tupu ni sanduku. Nikaamua kutia kitanda.

Hapo ndipo penyewe, kwa hiyo soma polepole. Nilirudi nyumbani mchana nikapima kitanda chako, hicho cha nyuma ya pazia kilichopandishwa juu ya matofali. Nikachonga kitanda kwa kanuni ileile. Nikakitia ndani ya nyumba ya kwanza. Kikagoma. Kikiingia kwa urefu, mlango haufungi. Kikiingia kwa upana, kinapanda ukuta. Nikacheka, nikajua nimekosea kupima. Na wewe unajua sheria ya karakana yetu, Fundi Kobe anaimba kila siku: kisipoingia, piga randa. Droo isipoingia, randa. Mlango usipofunga, randa. Basi nikakipiga randa kile kitanda, kidogo tena kidogo, mpaka kikaingia na nafasi ikabaki ya kupita. Kikapendeza ajabu. Nikachonga vingine kwa kukifuata, kila nyumba na kitanda chake.

Dada wa ramani alipokuja kuchukua kazi alifungua paa moja akachungulia kwa muda. Akaniuliza kama kitanda kile kina kipimo. Nikamwambia kipimo kimetoka kwenye kitanda cha mama yangu mzazi, na mkono huu haujawahi kusema uongo. Akatazama tena, akatafuta penseli yake mezani ikiwa kichwani, akaondoka.

Ubao ukawekwa ukumbini na watu wakaruhusiwa kuja kutazama kabla ya siku ya mkutano. Mama, hujaona. Foleni ilitoka nje ya mlango. Wazazi wanahesabu madirisha ya shule, wapangaji wanafungua mapaa na kufunga, wanafungua na kufunga, mpaka bawaba zikalegea. Watu wazima walinuniana kwa ajili ya nyumba ya pembeni, huyu anasema ndiyo yake, yule anasema yeye ndiye wa kwanza kuifungua. Nami nilisimama kando nimekunja mikono, kila akisema mtu "nani kafanya hii?" najikohoza.

Yule jirani yetu fundi cherehani, mama mwenye kicheko kizito, alichungulia akauliza cherehani yake itakaa wapi. Nikamwambia asitie shaka. Nikachonga cherehani papo hapo kwa kuilinganisha na kile kitanda, nikaiweka chini ya dirisha. Ikaingia. Wa pili akataka kabati, nikachonga kabati, likaingia. Akaja anayetaka meza, na mwenye pacha akataka kitanda cha watoto, vyote vikaingia. Nyumba zangu zilikuwa kama tumbo la mgeni asiye na haya, hazijai. Nami badala ya kushtuka nikazidi kujisifu.

Ni huyohuyo mama cherehani aliyeniharibia. Alirudi siku ya mkutano asubuhi, akafungua paa, akasema kila kitu kipo ila watu hamna, je, hizi nyumba wamehamia majini? Watu wakacheka. Nami kwa kiburi nikasema ngoja, nikuletee na mtu. Nikarudi karakana nikachukua kipande cha mti nikafikiria nichonge nani. Nikakuchonga wewe, Mama. Nakujua ulivyo, nakujua unafika wapi ukisimama kwenye fremu ya mlango. Nikakuchonga kwa kanuni sawasawa, kiuno, kilemba, hata ile namna unavyoinamisha bega upande wa mkoba. Kile kitanda nilichokipiga randa nilikuwa nacho karakana, kilibaki pale kama kielelezo. Nikakulaza juu yake.

Miguu ikatoka nje.

Kwanza nikadhani nimekuchonga mrefu. Mkono tayari ulikuwa umefika kwenye randa. Kisha nikacheka peke yangu, nikasema huyu ni mama yangu, sasa na yeye nimpige randa? Ndipo hamu ya kujua ikanishika, ile ambayo wewe huiita ukorofi. Fundi Kobe alikuwa ameenda kula, na Fundi Kobe akienda kula jua linahama. Nikachukua chaki, nikatazama ramani, nikakichora kile chumba sakafuni kwa ukubwa wake wa kweli, ukuta hapa, mlango hapa, dirisha pale. Nikaingia kwa kupitia mlangoni, sikuruka ukuta, nilitaka kufanya kwa haki. Nikalala. Nikanyoosha mikono, nikagusa kuta zote mbili bila kujivuta. Nikachukua mbao nikapanga kitanda chako kama kilivyo nyumbani. Mlango haukufunga. Nikakihamisha. Ukafunga, lakini mimi niliye ndani sikuwa na pa kuweka mguu.

Kumbe kitanda changu, kabla ya randa, kilikuwa sahihi, Mama. Chumba ndicho kilichokuwa kidogo, na mimi nikakirekebisha kitanda.

Nikajiuliza basi, chumba kikiongezwa itakuwaje? Nikachonga haraka haraka vijumba vipana zaidi, nikavipanga juu ya ubao mwingine wa ukubwa uleule. Vikaingia, lakini si vyote. Vilivyobaki nilivishika mkononi, nikavitazama. Na hapo, amini usiamini, nikanyamaza. Nilinyamaza mpaka jioni. Dada alinigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Mkutano ukafunguliwa bado kuna jua. Nilikaa mbele. Sikufichi, nilikuwa na hamu kubwa ya kuona uamuzi ukifanywa. Tangu zamani nasikia halmashauri imeamua hivi, halmashauri imeamua vile, nikawa nadhani kuna kengele inagongwa au mashine inayotoa karatasi. Mwalimu mkuu alisimama akaeleza habari ya stoo na majembe kwa maneno machache na uso wa mtu aliyechoka. Mpangaji mmoja akaeleza habari ya kodi. Kisha diwani akainuka, akasema leo ni siku ya pekee, hakuna atakayeshinda na hakuna atakayeshindwa, mkono wa kushoto una madarasa na wa kulia una nyumba. Watu wakapiga makofi, wazazi na wapangaji pamoja, walewale waliotaka kung'oana kope mwaka jana. Dada yangu alikuwa anampigia makofi mama cherehani. Ungefurahi.

Kabla ya kuinua mikono, diwani akasema haifai kumsahau kijana aliyetuwezesha kuona. Akaniita mbele. Makofi yakaongezeka. Nilikuwa nimelisubiri jambo hilo maisha yangu yote, na lilipofika lilinikuta nimekosa raha. Diwani akaniwekea mkono begani, mkono mzito huo, akaniambia niwaambie watu kwa kinywa changu, kwa kuwa mimi nimezijenga kwa mikono yangu, kama nyumba hizi zinamtosha mtu.

Nilikuwa na wewe mfukoni. Wewe wa mti.

Nikafungua paa, nikakulaza, nikaonyesha miguu ilivyotoka. Nikasema nyumba hazidanganyi, ramani haidanganyi, kitanda ndicho mwongo, na kitanda ni changu, nilikipiga randa nikidhani nimekosea. Na cherehani ni mwongo, na kabati ni mwongo, na meza. Watu wakanyanyuka kuchungulia. Halafu kicheko kikaanzia nyuma, halafu hakikuwa kicheko tena. Diwani aliondoa mkono wake begani kama aliyeshika pasi ya moto, akasema watu wasibabaishwe na midoli. Wapangaji wakanigeukia. Mmoja akauliza wazazi wamenilipa nini niwaharibie nyumba. Mwingine akasema si ajabu, mpwa wake yumo stooni, ametumwa na dada yake. Dada akasimama akajibu, akajibiwa, akajibu tena. Unamjua, siwezi kuyaandika yote, bibi anaweza kuwa anasikiliza. Fundi Kobe alifika mbele kunivuta sikio kabla hata sijageuka, na wazee wanasema hawajawahi kumwona akienda kasi vile.

Aliyenyamazisha watu ni dada wa ramani. Alisimama mahali pake, akasema vipimo vyote vimeandikwa kwenye ramani iliyotundikwa ukutani, havikufichwa. Akasema aliambiwa idadi ya nyumba kwanza, ndipo akatafuta ukubwa wa chumba. Alijua ni chumba cha kubana, akasema hivyo ofisini, akaambiwa heri kidogo kuliko hakuna. Akasema alipochungulia kitanda changu alifurahi, alidhani labda kinaingia kweli. Sauti yake ilikuwa ndogo. Sikumcheka, Mama, nami naujua ule utamu wa kuamini kitu kinachokupendeza.

Basi mama cherehani akasema maneno ya nini, kitanda kipo nyumbani, uwanja wa shule upo, chaki ipo. Tukilale tukione.

Kesho yake watoto hawakuwa na masomo. Tulichora nyumba kwa chaki uwanjani, ukubwa wa kweli, zimepakana kama zitakavyokuwa, na mtaa mzima ukaja na vitanda. Vitanda vilipita barabarani vichwani mwa watu kama siafu wamebeba makapi. Unajua kitanda ni siri ya mtu. Kilichofungwa kamba kikaonekana, chenye tendegu la tofali kikaonekana, na yule kinyozi anayejifanya tajiri akaja na godoro limegawanyika kama ramani ya mito. Nikampigia saluti. Akaniambia ngoja nikunyoe.

Tukaingiza. Hapa kitanda kimeingia, mlango haufungi. Pale mlango unafunga, cherehani iko nje, na mama cherehani anauliza ashone akiwa amesimama barabarani kama askari? Baba wa pacha alilala na wanawe, mkewe akabaki nje ya chaki, akasema sawa, mimi nimeshahama. Diwani akasema watu wanatia chumvi, akavua koti akalala mwenyewe. Mrefu yule! Kichwa kikiwa kwenye nyumba yake, miguu ilikuwa chumbani kwa jirani. Na jirani, bila kucheka, akamwambia karibu sana Mheshimiwa, ila kwetu hatuingii na viatu.

Diwani alikaa kitako pale chini, kwanza akakunja uso, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Akacheka mpaka akafuta macho. Aliposimama alikuwa na vumbi la chaki mgongoni, akawaita wenzake pembeni. Walizungumza kwa muda wamesimama uwanjani, wakamwita dada wa ramani, wakamwita mwalimu mkuu. Kisha wakainua mikono. Hivyo tu, Mama. Uamuzi hauna kengele. Mikono inapanda, inashuka, na maisha ya watu yamekwisha kusogea.

Waliamua hivi: madarasa yaanze kujengwa bila kungoja, kwa sababu hayana ubishi. Nyumba zichorwe upya, chumba kiwe cha kumtosha mtu na vitu vyake. Kwa hiyo pale nyuma ya shule zitakuwa chache kuliko ilivyosemwa, na waliobaki watasubiri mpaka kiwanja kingine kipatikane. Lini, hawakusema. Niliuliza.

Sasa, Mama, lile nililokuwa nalizungukia tangu shikamoo ya pili. Nyumba zinagawiwa kwa kufuata nani alijiandikisha mwanzo. Kwa hesabu ya nyumba zile za zamani, zile ndogo, wewe ulikuwamo. Ulikuwa mkiani, lakini ulikuwamo. Kwa hesabu mpya umebaki nje. Na hii ndiyo kweli yenyewe: nilijua. Sikufungua mdomo kwa bahati mbaya. Vile vijumba vilivyobaki mkononi mwangu karakana vilipokosa pa kukaa, nilijua kimojawapo ni chako. Nilikaa nacho mchana kutwa. Hata nilipokuwa mbele ya watu, mkono wa diwani begani, ningeweza kusema "zinatosha", wangepiga makofi, na ungerudi kutoka kwa bibi ukingoja tu ufunguo. Nyumba yako, Mama, mimi mwanao ndiye niliyeirudisha nyuma.

Dada, ambaye madarasa yake ameyapata, alilia siku ile kuliko mtu yeyote. Alinisihi nisikuandikie, ningoje urudi. Nimeshindwa. Siwezi kula nikikutazama kila siku akilini ukiulizia habari za nyumba.

Wapo wanaonishukuru. Mama cherehani ananishonea shati, ingawa naye amesukumwa nje pamoja na wewe. Lakini yupo yule mchukuzi anayelala kwenye kibaraza cha duka la magunia. Alinisimamisha akaniambia taratibu, hata hakugomba, kwamba yeye angekichukua kile kidogo. Angelala amejikunja na angefunga mlango. Akaniambia aliyeshiba nafasi ndiye anayepima kitanda. Labda yeye ana haki. Mimi nilichokuwa nacho kichwani ni miguu yako tu. Unasimama juu yake kutwa nzima kwenye maji ya sabuni, halafu nikulaze mahali itokee nje? Nilishindwa. Kama nimekosea, nimekosea kwa kukupima vizuri.

Juzi dada wa ramani alikuja karakana. Nikajiandaa kugombezwa. Kumbe amekuja kuuliza. Alisema safari hii hataki kuambiwa idadi kwanza, anapita kwa wote waliojiandikisha, walioko mkiani na walioko nje, anawauliza wanaishije ndipo achore. Akaniuliza habari zako. Mama yako huwa analala upande gani? Hupenda dirisha liangalie wapi? Akitoka kazini hukaa wapi kwanza? Nikafungua mdomo wangu huu unaoujua, nikakuta hamna kitu. Kwa sababu, Mama, nimekaa nikafikiri, na sijawahi kukuona ukikaa. Upande wa kitanda unaolala ni ule ambao dada na mtoto wameuacha. Dirisha letu huwa ninalo mimi, kwa sababu ya joto, nasema. Urefu wako naujua mpaka kidole cha mwisho, na hayo mengine siyajui. Nikamwambia dada wa ramani aniachie nafasi, nitakuuliza mwenyewe.

Kwa hiyo nitukane kwanza, ni haki yako, tumia ukurasa mzima. Ukishamaliza, geuza karatasi uniandikie upande wa pili: hicho chumba, wakati wowote kitakapokuja, kikiwa chako peke yako na mlango umefungwa, unataka kitu gani kiwe cha kwanza kuingia? Usiniambie "chochote tu, mwanangu". Hiyo naijua. Niambie unachotaka.

Bibi mpe mkono, umwambie asiruke hatua, ukuta haukimbii. Dada anakusalimu, na mjukuu wako anakutumia jino lake ndani ya bahasha hii, amekataa kabisa nisilitie. Fundi Kobe naye anakusalimu. Salamu zake zilitoka wiki iliyopita, ndiyo zinafika sasa.

Rudi salama, miguu yako yote miwili.

Ni mimi mwanao wa mwisho, mwenye mdomo,
Kidomo